Gauni la Namba Saba

4 Februari

Kipusa,

Salamu zitakuja mwishoni, kama bado nitakuwa na moyo wa kukusalimia. Gauni langu liko wapi?

Jana nilikuwa kwa daktari wa meno. Nimekaa kwenye benchi nangoja kuitwa, nikaokota gazeti la mitindo mezani. Kufungua, nakuona wewe, mikono kiunoni, na pembeni yako msichana mwembamba amenuna kama aliyedhulumiwa urithi. Kitambaa alichovaa kilikuwa kipya, lakini ukosi ni wangu, mikono ni yangu, na ile mistari miwili myeupe ya ubavuni, mmoja mpana na mmoja mwembamba, hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuishona. Nilirudi nyumbani na ganzi mdomoni, nikavuta sanduku uvunguni. Nimekuta dawa ya nondo na gazeti la mwaka juzi.

Ulipokuja Desemba uliniambia, "Pumzika Mama, mimi nitakupangia sanduku." Nikasema moyoni, mtoto amekua, ameanza kuwa na huruma. Kumbe nimemfungulia mwizi na kumkaribisha chai.

Tena umesema gazetini kwamba mtindo huo umeurithi kwa bibi yako mzaa baba, "mpiga kinanda." Bibi yako yule aliuza mkaa. Chombo pekee alichokipiga maishani mwake ni baba yako. Mimi ndiye niliyevaa gauni hilo, nikihudumia meza hotelini kwa miaka ishirini na sita, nawe unajua. Umeandikwa ukurasa mzima na mimi simo hata kwenye mabano.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu kila nikianza kusema la maana unaingiliwa na mteja. Barua haina mteja. Nirudishie gauni langu.

Nakusalimu.

Mama yako

—

11 Februari

Ofisi ya Mbunifu Mkuu
Duka la Rangi Mbili: Mavazi Yasiyopitwa na Wakati

Shikamoo Mama,

Barua yako imenifikia nikiwa na wageni, na niliisoma nimesimama. Gauni lipo, liko salama, limehifadhiwa vizuri kuliko lilivyokuwa kwenye sanduku lile la bati. Nililichukua kwa nia njema. Ningekuomba ungeniuliza maswali mia, na mimi nilikuwa na siku mbili tu.

Kuhusu bibi, naomba unielewe. Waandishi wa magazeti wanataka hadithi. Nikiwaambia gauni ni la mpiga kinanda, wanaandika kurasa mbili na picha. Nikiwaambia ni sare ya mhudumu, wananiuliza kama nauza na mafagio. Sikuona haya kwa ajili yako, nilifanya biashara tu.

Unajua kwa nini nauza nyeusi na nyeupe peke yake? Kwa sababu rangi ni kelele. Mwaka juzi mji mzima ulivaa rangi ya haradali, leo ukiivaa watu wanakuuliza umetoka jela lini. Wanawake wanaingia dukani kwangu wamevaa maua kama pazia la sebuleni, wananiuliza, "Huna hata chekundu kidogo?" Nawaonyesha mlango. Nyeusi na nyeupe hazina mwaka. Hazimwombi mtu radhi. Mwanamke akiingia chumbani amevaa gauni jeusi lenye ukosi mweupe, watu hawatazami nguo, wanamtazama yeye. Wenzangu wote wameshindwa kulielewa hilo, ndiyo maana wanafunga maduka.

Nitakurudishia. Nipe muda kidogo.

Mbunifu Mkuu

—

17 Februari

Mheshimiwa Mbunifu Mkuu,

Shikamoo yako nimeipokea. Cheo chako pia nimekipokea, nimekiweka jikoni karibu na chumvi. Nilidhani barua ya mtoto kwa mama huandikwa na mtoto.

Wanamtazama yeye! Mwanangu, nimevaa nyeusi na ukosi mweupe tangu hujazaliwa. Nikuambie walichotazama? Sinia. Kifuani nilibandikwa namba, saba. Waliniita Saba. Mzee mmoja wa meza ya dirishani nilimhudumia miaka kumi, siku anastaafu akaniambia, "Jina lako zuri, Saba, ni la kabila gani?" Alilipenda jina na uso wangu hakuwahi kuuona. Siku nyingine nilikutana naye sokoni nimevaa gauni la kijani, nikamsalimu, akakumbatia mkoba wake.

Unatafuta siri ya rangi hizo mbili kutozeeka? Njoo kwangu nikufundishe bure. Nyeusi walitupa ili uchafu wetu usionekane, nyeupe walitupa ili usafi wetu ukaguliwe. Bwana anavaa nyeusi na nyeupe, mtumishi anavaa nyeusi na nyeupe. Nimehudumia arusi ambazo bwana arusi na mpeleka supu walivaa sawasawa mpaka viatu, na tofauti ilikuwa nani ameshika sinia. Ndiyo maana mtindo huo haufi. Matajiri wanaupenda kwa sababu unawapendeza, na wanatuvalisha sisi kwa sababu unatufuta. Sasa wewe unawauzia wanaopenda kutazamwa nguo ya watu wasiotazamwa, na unajiita mjanja.

Mlango ambao wewe unawafungulia wanawake wa maua uwafungulie taratibu. Wale angalau wamevaa vya kwao. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na ya kuiba ndiyo kabisa.

Swali moja, na unijibu kwa mkono wako: ile mistari myeupe ya ubavuni unadhani ni ya nini?

Nirudishie gauni langu.

Mama yako

—

2 Machi

Shikamoo Mama,

Nina haraka, utanisamehe. Nimekuwekea kadi ndani ya bahasha hii. Tarehe ishirini na mbili tunafanya maonyesho makubwa ya mavazi, na huwezi kuamini ni wapi: ukumbi wa hoteli yako ya zamani. Meneja ndiye mgeni rasmi. Anapenda sana kazi yangu, na akiridhika nitashona nguo za wafanyakazi wake wote. Wewe ulimjua akiwa Msimamizi wenu, sasa hoteli nzima iko mkononi mwake. Kwa hiyo utaona kwamba wakati huu si wa kuanza kufukua mambo ya nani alikuwa nani.

Ile mistari ni fundi wenu wa zamani aliyekosea kipimo, nadhani, na mimi nikalipenda kosa lenyewe. Mkosoaji mmoja ameandika kwamba ni "ulinganifu uliovunjwa kwa makusudi." Wateja wanauliza gauni "lenye mistari" kabla hawajauliza bei.

Gauni la asili litakuwa ukumbini siku hiyo ndani ya kabati la kioo. Likitoka pale nitakuletea mwenyewe. Kuja kwako, angalia afya. Safari ya mwendo wa saa saba kwenye basi si mchezo kwa magoti yako, na viti vitakuwa vichache. Ukija, kadi inasema kila mgeni avae nyeusi na nyeupe tu.

Mwanao

—

24 Machi

Mama,

Shikamoo. Nilitazama mlangoni mara mbili tatu, hukuja. Labda ni heri.

Maonyesho yalikwenda vizuri kuliko nilivyoota. Watu mia mbili, wote nyeusi na nyeupe, ukumbi ulikuwa kama picha. Meneja alipiga makofi amesimama. Halafu, tunakwenda kupiga picha ya mwisho mbele ya kabati la kioo, kabati tupu! Gauni limeibwa, Mama. Katikati ya watu mia mbili, mchana kweupe, na taa zote zinawaka.

Walinzi wanaapa hakuna aliyepita zaidi ya wahudumu. Sasa wahudumu nani awatofautishe? Wote wamevaa namna moja, wanaingia na kutoka kama siafu. Mmoja wao, aliyekuwa zamu mlango wa jikoni, anang'ang'ania kwamba "alipita mwenzetu mmoja, mtu mzima, amebeba nguo za kufua." Mwenzao mtu mzima hayupo kwenye orodha ya zamu. Meneja amemsimamisha kazi papo hapo, na akisema uongo zaidi watampeleka polisi. Ni mwanamke wa makamo, ana watoto wawili, alilia sana, lakini ndivyo walivyo hao, wakikamatwa wanakumbuka watoto.

Naumia kukuambia habari hii, nikijua ulivyolitaka gauni. Nitakushonea jingine, zuri kuliko lile.

Mwanao

—

29 Machi

Kipusa,

Keti kwanza. Barua hii usiisome umesimama.

Nilikuja.

Nilivaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe, kama kadi yako ilivyoamuru. Kadi nilikuwa nayo mkononi. Mlinzi wa mlango mkubwa hakuiangalia, aliangalia viatu vyangu, akaninyooshea kidole: "Wahudumu kule nyuma, mama, mnachelewa." Ningebishana. Lakini nilitaka kuona kama kuna hata mmoja atakayeniuliza mimi ni nani, basi nikazunguka nyuma. Nilipita jikoni. Mwanamke mmoja aliyesimama mlangoni pale akanisogezea kiti akasema, "Kaa kidogo mama, miguu yako imevimba." Ni huyo huyo mliyemsimamisha kazi. Ukumbi wako mzima, na yeye pekee ndiye aliyeniona.

Nikaingia ukumbini. Watu mia mbili wamevaa sare yangu, wanazungumza juu ya "ujasiri." Nilikuona. Umependeza, sitasema uongo, hata hasira yangu ilikaa pembeni kidogo. Nikaja mpaka nyuma yako nikugonge bega. Ulikuwa unazungumza na mwandishi wa gazeti. Ukahisi mtu kasimama, ukanyoosha mkono bila kugeuka, ukaniwekea glasi tupu kiganjani ukasema, "Asante, dada."

Wewe unaandika ulitazama mlangoni mara mbili tatu. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwako.

Na unajua nilifanya nini? Niliipeleka glasi jikoni. Miguu ilinipeleka yenyewe, miaka yote ile haijatoka mwilini. Nilijidharau kuliko ninavyokudharau wewe, na leo nakudharau sana.

Nikarudi nikasimama mbele ya kabati. Ndani gauni langu limevalishwa sanamu lisilo na kichwa, na chini kijikaratasi chenye herufi nzuri: "Gauni la zamani. Mshonaji hajulikani."

Hajulikani.

Kufuli la kabati lilikuwa la mapambo, kama mambo yako mengi. Nikafungua, nikalivua sanamu gauni langu, nikalikunja juu ya mkono kama tunavyobeba vitambaa vya kufua, nikatembea. Nilipita katikati ya wageni wako wote. Meneja mwenyewe alinipisha njia huku anacheka na mtu. Mlinzi wa nyuma alinifungulia mlango akasema, "Pole na kazi." Sijawahi kuiba kitu maishani, na wala siku hiyo sikuiba. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, na siku hiyo nguo zenyewe ulizichagua wewe.

Sasa jibu la swali langu, kwa kuwa "fundi wenu wa zamani" ni mimi. Hoteli ilikuwa haitaki mhudumu mwenye mimba. Kila Jumatatu Msimamizi, huyo Meneja wako anayepiga makofi, alitupanga mstari akatupima matumbo kwa macho. Aliyezidi alikwenda nyumbani, na kazi ikaisha. Mimba yako ilipofika mwezi wa tano gauni likaanza kunibana. Kitambaa cheusi sikuwa nacho. Kulikuwa na kitambaa cha meza kilichoungua na sigara, kinatupwa. Nikakikata, nikapasua gauni mbavuni, nikaongeza pande mbili, na kwa kuwa palipoungua palikuwa kati, upande mmoja ukawa mpana na mwingine mwembamba. Aproni yetu ilikuwa pana, ilizunguka ikafunika. Msimamizi hakuona kitu. Nilihudumia hivyo mpaka Jumatatu, na wewe ukazaliwa Alhamisi. Niliomba ruhusa ya msiba, nikasema nimefiwa na shangazi. Shangazi mwenyewe ndiye aliyenizalisha.

Huo ndio ulinganifu wako uliovunjwa kwa makusudi. Ulikuwa wewe, unasukuma kutoka ndani.

Gauni ninalo, silitoi. Ninachotaka sasa ni kingine. Nenda kwa Meneja ukaseme: gauni halikuibwa, limechukuliwa na mwenyewe, na mwenyewe ni mama yangu. Useme hivyo hivyo, kwa mdomo wako, ili yule mwanamke arudi kazini. Nakupa mpaka Ijumaa. Mkataa kwao ni mtumwa, na mimi nilivaa sare ile ili wewe usiwe mtumwa.

Mama yako

—

6 Aprili

Mama,

Nimeisoma barua yako mara nne. Nitaanza na ile glasi. Sikukuona. Naapa sikukuona. Nimejaribu kukumbuka mkono ulioipokea na siukumbuki.

Nilikwenda kwa Meneja Ijumaa, kama ulivyosema. Njia nzima nilikuwa na maneno yako mdomoni. Nilipofika akaninyanyukia, akanipa kiti, akaagiza kahawa, na mbele yake mezani kulikuwa na karatasi za kazi yangu zinangoja kusainiwa: magauni arobaini, yenye mistari. Mama, nilikuwa niseme. Mdomo ulifunguka ukasema kingine. Nikamwambia gauni limeonekana, kwamba msaidizi wangu alilitoa mapema akalitia kwenye sanduku la nyuma, akasahau kuniambia, na kwamba naomba radhi kwa usumbufu.

Hakukasirika hata kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anatabasamu. Akaniuliza tu, "Hakuna kingine unachotaka kuniambia?" Nikasema hakuna. Akasema karatasi atazisaini baadaye, akanisindikiza mpaka mlangoni mwenyewe, akanipa mkono. Na yule mhudumu nilimkuta ameshapangiwa zamu anaendelea na kazi. Nadhani walimwonea huruma hata kabla sijafika.

Kwa hiyo yeye amepata alichokosa, wewe una gauni lako, mimi nina kazi yangu. Hakuna aliyeumia. Tunaweza kusema tumetoka sare, Mama, na tuache hapo. Nitakuja mwezi ujao, nitakaa siku tatu, nitakusikiliza kila unalotaka kusema.

Mwanao anayekupenda

—

10 Aprili

Mwanangu,

Wewe ulikwenda Ijumaa. Mimi nilikuwa nimekwenda Jumatano.

Nilishindwa kungoja. Kila nikilala nilimwona yule mwanamke anayenisogezea kiti. Nikapanda basi. Nililivaa gauni lenyewe, bila aproni, mistari yote nje, na nikaingia kwa mlango mkubwa. Mlinzi akataka kusema neno, nikamtazama, akaliacha. Meneja aliniona akasema, "Saba!" Nikamwambia mimi si Saba, nikamtajia jina langu, akaliandika. Nikamwambia gauni ni langu, nimelichukua mwenyewe, na nikamwonyesha hapa ubavuni alipokuwa hatazami miaka thelathini na nne iliyopita. Halafu akapiga simu jikoni, mwanamke yule akarudishwa kazini nikiwa nimeketi pale pale.

Meneja akaniuliza, "Na huyo mbunifu, anajua gauni ni la nani?"

Nikamwambia ni binti yangu. Nikamwambia anajua. Nikamwambia, "Usimwambie kwamba nimekuja. Ijumaa atakuja kukueleza mwenyewe, kwa mdomo wake. Ngoja umsikie. Ana kiburi, lakini nimemlea mimi."

Nilimwahidi hivyo, mwanangu. Kwa mtu yule, katika watu wote.

Jana amenipigia simu. Hakucheka, hakukusema vibaya. Alisema tu kwamba umekuja, umekunywa kahawa, umeondoka, na kwamba magauni arobaini hatayahitaji. Kisha akaniambia, "Pole, mama." Miaka ishirini na sita sikuwahi kumpa nafasi ya kunionea huruma, na sasa ameipata kwako.

Usije mwezi ujao. Ukija utakuja kunieleza, na kueleza unajua. Njoo siku utakayokuwa umeshakwenda kwake mara ya pili, hata kama karatasi hazipo tena mezani. Haraka sina.

Kwake Meneja wewe ulitoka mikono mitupu, umependeza. Aibu ilikuwa yako, lakini nimerudi nayo nyumbani mimi. Nimezoea kubeba vya watu.

Mama yako